Mjuzi Naye Hufunzwa

Wengi wetu tumeuona uwanja mdogo wa ndege pale Suneka. Je, wajua kwamba kuna marubani wanaoruka bila injini? Huko Mweiga, karibu na Nyeri, ndege za namna hiyo zimerushwa kwa miaka mingi. Huvutwa hadi juu, kisha huelea kwa hewa ya joto inayopanda.

Sasa, rubani kama huyo akija kujifunza ndege ya injini, mfano Cessna 172, haanzi sufuri. Upepo anaujua. Injini ikizimika habahatishi, anachagua mapema mahali pa kutua. Lakini amezoea kutua mara moja tu, maana hana injini ya kumrudisha juu. Mwalimu humwambia: ukiona unatua vibaya, ongeza nguvu ya injini, panda, zunguka, ujaribu tena. Na petroli ipimwe kila safari.

Kwa aliyezoea ndege nyepesi, ile ya kuning'inia chini ya bawa la kitambaa, hatari ni kubwa zaidi. Huko, akisukuma chuma cha kushikia mbele, pua huinuka. Kwenye Cessna, akisukuma usukani mbele, pua hushuka! Karibu na ardhi, kosa hilo laweza kuua. Ndiyo sababu mazoezi hufanywa kwanza juu sana, penye nafasi ya kusahihisha.

Nasi vikundini, tukimfunza mwendesha bodaboda kuendesha gari, tumwulize kwanza: mkono wako umezoea nini?