Ombi Geni la Mpangaji: Tazama Haja Kabla ya Kujibu

Katika miji yetu ya pwani, nyumba nyingi za kupangisha ni za urithi, na si nadra usimamizi wake kuangukia mikononi mwa mama au dada mmoja kwa niaba ya warithi wote. Huyo hubeba amana mbili: kodi ya warithi, wakiwemo pengine mayatima, na utulivu wa mpangaji. Bomba likivuja, jibu ni jepesi, huitwa fundi. Mtihani huja linapoombwa jambo lisilowahi kuombwa. Wapo wanaocheka, wapo wanaokataa papo hapo. Lakini ombi geni aghalabu hufunika haja ya kweli, na haja hiyo ndiyo ya kutazamwa.

Chukua mfano wa mpangaji anayeomba nyumba isomwe kwa kuwa usiku husikia vishindo darini. Kuisoma Qur'ani nyumbani ni kheri, wala hapana wa kuizuia. Hata hivyo, fundi naye apande darini. Mabati hulia joto la mchana linaposhuka, panya na popo hupenda giza, na mbao zilizoliwa na mchwa huweza kulia kabla ya kuvunjika. Anayepuuza malalamiko hayo huenda akajuta dari ikiwaangukia watoto.

Mfano wa pili ni choo. Makka iko takriban kaskazini kabisa mwa Mombasa. Hivyo choo kilichoelekezwa kaskazini au kusini humfanya mtu kukielekea kibla au kukipa mgongo. Mpangaji akiomba kigeuzwe, asihesabiwe mkaidi. Wanavyuoni wamehitilafiana juu ya vyoo vya ndani ya majengo, na madhehebu ya Imamu Shafi, yenye wafuasi wengi pwani, hayaharamishi hilo penye ukuta wa kusitiri. Kwa upande mwingine, kugeuza choo cha ghorofani ni kuvunja sakafu iliyo juu ya jirani. Suluhu yaweza kuwa kungoja ukarabati ujao, au mpangaji kuchangia gharama.

Yako pia maombi yaonekanayo madogo. Katika nyumba kongwe za Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa, chokaa ikibambuka mpangaji huomba ukuta upigwe saruji. Kuta hizo ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nazo hupumua. Saruji hufungia unyevu ndani, na chumvi ikazidi kuula ukuta. Hapo haja ni ukuta safi, na dawa yake ni chokaa mpya.

Basi kila ombi lipimwe kwa maswali manne: Haja yenyewe ni ipi? Jengo litadhurika? Jirani ataudhika? Nani atalipa? Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 humtwika mwenye nyumba matengenezo ya paa, kuta kuu na njia za pamoja pale anapopangisha sehemu tu ya jengo. Yaliyozidi hapo ni ya kuafikiana, na makubaliano yaandikwe, kama Suratul Baqara inavyotufunza katika madeni.

Fundi naye asiingie bila idhini na miadi. Mpangaji akiwa mwanamke peke yake, au mjane aliye edani, msimamizi afuatane na fundi.

Hata jibu likiwa hapana, litolewe kwa sababu na kwa upole. Mpangaji aliyesikilizwa huitunza nyumba kama yake, na amana ya warithi ikasalimika.

Wabillahi tawfiq.