Maana na matumizi ya neno ‘momentamu’ katika mazungumzo ya kila siku

NENO la Kiingereza ‘momentum’ limeingia katika mazungumzo yetu bila kubisha hodi. Wanasiasa hulitamka jukwaani, watangazaji wa kandanda hulitumia timu inapofunga bao la pili, nao vijana wa Diani na Ukunda hukumbushana: “Jamani, tusipoteze momentum.” Anayetaka kukwepa Kiingereza husema ‘kasi’, ‘msukumo’ au ‘hamasa’. Katika makala haya ninadhamiria kuonyesha kwamba hakuna hata moja kati ya maneno hayo matatu linaloibeba dhana hii nzima.

Asili ya neno lenyewe ni Kilatini, kutokana na kitenzi chenye maana ya kusogeza. Katika fizikia, momentamu hupatikana kwa kuzidisha tungamo la kitu (mtaani tungesema uzito wake) kwa kasi yake, huku mwelekeo ukizingatiwa. Isaac Newton, katika kitabu chake cha 1687, aliiita ‘kiasi cha mwendo’.

Tuanze na kasi. Chukua lori la miwa lenye tani 20 likitoka mashambani Msambweni kwa kilomita 50 kwa saa. Kando yake ipo bodaboda yenye kilo 200 pamoja na mwendeshaji, nayo inakwenda kilomita 50 vilevile. Kasi ni moja, ila momentamu ya lori ni mara 100 ya ile ya pikipiki. Ili zilingane, bodaboda ingelazimika kwenda kilomita 5,000 kwa saa! Ndiyo maana anayelikatizia lori njia kwa kuwa “haliendi mbio” hukosea hesabu. Dereva mmoja wa malori hayo aliwahi kuniambia: “Mwalimu, likiwa na mzigo, hata nikitoa mguu kwenye mafuta linaenda na mbio zake lenyewe.” Sijasikia fasili bora kuliko hiyo.

Maneno ‘mbio zake lenyewe’ yanatuonyesha pia kwa nini ‘msukumo’ halitoshi. Nahodha wa ngalawa hutua tanga kabla ya kufika ufukweni, na chombo huendelea kuteleza hadi mchangani. Upepo hausukumi tena, lakini mwendo upo. Msukumo ndio huzaa au kubadilisha momentamu; si momentamu yenyewe. Mama hachanganywi na mwana, ati.

‘Hamasa’ nayo ni hali ya moyo. Umati waweza kuwa na hamasa tele na usiende popote. Mfano mzuri ni uchaguzi mdogo wa eneobunge la Msambweni, Desemba 15, 2020, uliofuatia kifo cha mbunge Suleiman Dori mwezi Machi mwaka huo. Feisal Bader, mgombea huru aliyeungwa mkono na William Ruto, aliyekuwa Naibu Rais, alimshinda Omar Boga wa ODM. Punde ikasemwa kwamba kambi ya Ruto “imepata momentum”. Je, matumizi hayo yalikuwa sahihi? Naam. Kampeni ilikuwa imekwisha na magari ya vipaza sauti yameondoka, ila waliosema hivyo walidai kwamba mwendo ungeendelea hadi 2022.

Hata hivyo, momentamu haina ahadi ya milele; hukutana na msuguano na kani nyingine. Agosti 2022, Fatuma Achani wa UDA alichaguliwa gavana wa Kwale, ilhali katika kura ya urais kaunti iyo hiyo ilimpa Raila Odinga kura nyingi kuliko Ruto, aliyeibuka mshindi kitaifa. Wahenga walishasema kuwa mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Tuseme nini, basi, kwa Kiswahili? Darasani, ninapendekeza tutohoe: momentamu. Katika mazungumzo ya kawaida hatuhitaji nomino hata kidogo, kwa sababu Kiswahili huibeba dhana hii kwa vitenzi. Kampeni ‘hushika kasi’, ngoma ‘hukolea’, mjadala ‘hupamba moto’, mchezo ‘huchacha’. Vikipoteza momentamu, ‘hupoa’, ‘hulegea’ au ‘hufifia’. Kwa hivyo, badala ya ‘tusipoteze momentum’, sema ‘tusiache mambo yapoe’. Badala ya ‘timu imepata momentum’, sema ‘mchezo umewakolea’.

Na ukiwa barabarani kati ya Msambweni na Likoni, kabla ya kulikatizia lori njia, usitazame kasi yake tu. Tazama na kilicho mgongoni mwake.