Servisi ya Pikipiki: Ipi Ufanye Mwenyewe, Ipi Umwachie Fundi

Katika Kata ya Mpui pikipiki si anasa. Ndiyo inayotoa gunia la mahindi shambani hadi barabara ya lami ya Tunduma–Sumbawanga, ndiyo inayomfikisha mwalimu shuleni, na mara nyingi ndiyo inayomkimbiza mama mjamzito kwenye huduma ya afya usiku ambapo gari halipatikani. Kwa vijana wengi ni ajira, na si wachache walioipata kwa mkopo au kwa mkataba wa kumlipa mwenye mali kila siku hadi iwe yao. Chombo hicho kikifa kabla ya deni kuisha, deni halifi pamoja nacho.

Kwa sababu hiyo, swali hili lina uzito: je, servisi ifanywe kwa wakala aliyeuza pikipiki, au mwenyewe aifanye nyumbani? Kumfuata wakala Sumbawanga mjini kunaweza kula siku nzima ya kazi. Lakini pia, kumiliki spana hakumfanyi mtu kuwa fundi. Jibu linategemea mambo mawili: umri wa pikipiki na aina ya kazi inayotakiwa kufanywa.

Pikipiki ikiwa mpya

Pikipiki mpya inayouzwa na wakala anayetambulika huja na kitabu cha servisi na waranti. Kwa kawaida waranti hudumu iwapo servisi zilizopangwa zimefanywa kwa wakala na kitabu kikagongwa muhuri. Mwenye pikipiki akifungua injini mwenyewe, au akiipeleka kwa fundi asiyetambuliwa na wakala, anaweza kupoteza haki ya kutengenezewa bure hitilafu ya kiwandani. Ifahamike pia kwamba vitu vinavyolika kwa matumizi, kama pedi za breki, cheni na matairi, kwa kawaida havimo katika waranti.

Servisi ya kwanza ndiyo inayosahaulika zaidi. Watengenezaji wengi huiweka kati ya kilomita 500 na 1,000. Pikipiki ya biashara inayotembea kilomita 100 kwa siku hufikisha kilomita 500 ndani ya siku tano tu, wakati mmiliki bado anaiona mpya. Katika siku hizo vyuma vipya vya injini husuguana na kuacha chembe ndogo ndani ya oili. Oili hiyo isipomwagwa mapema, chembe hizo huendelea kuzunguka na kula injini. Gharama ya safari moja ya kwenda mjini ni ndogo ikilinganishwa na gharama ya kubadilisha pistoni na ringi.

Kazi za mwenye pikipiki

Zipo kazi ambazo hakuna sababu ya kumsubiri fundi, hata pikipiki ikiwa ndani ya waranti.

Kwanza, kupima oili kila asubuhi kabla ya kuwasha, pikipiki ikiwa imesimama wima mahali tambarare. Pikipiki nyingi za biashara hubeba takribani lita moja tu ya oili, na oili hiyo hiyo hulainisha injini, gia na klachi. Ikipungua kidogo, madhara ni makubwa. Itumike oili ya pikipiki yenye kiwango kilichoandikwa kitabuni, kwa kuwa baadhi ya oili za magari huifanya klachi iteleze.

Pili, kukagua cheni. Kwa pikipiki nyingi ulegevu wa sentimita 2 hadi 3 unafaa, lakini kipimo sahihi kimo kitabuni. Cheni iliyolegea huruka. Iliyokazwa kupita kiasi hukatika na kuharibu beringi, hasa pikipiki ikibeba mzigo.

Tatu, kusafisha chujio la hewa. Wakati wa kiangazi vumbi la barabara za vijijini huliziba upesi kuliko kitabu kinavyokadiria. Chujio la sponji huoshwa, hukamuliwa, hukaushwa na kupakwa oili kidogo. La karatasi halioshwi, hupulizwa au kubadilishwa.

Nne, kuangalia upepo wa matairi, taa, honi, nati zilizolegea na unene wa pedi za breki.

Waranti ikishakwisha, kumwaga oili na kubadilisha plagi ni kazi ambazo mmiliki makini anaweza kujifunza na kuzifanya nyumbani.

Kazi za fundi

Kazi inayogusa uhai wa abiria, au inayohitaji vipimo na vifaa maalumu, ifanywe na fundi mwenye ujuzi. Hapa zinaingia breki, beringi za magurudumu, usukani, tapeti, klachi, mfumo wa umeme na ufunguaji wowote wa injini. Anayeshuka miteremko ya Lyamba lya Mfipa kuelekea bonde la Ziwa Rukwa akiwa na abiria hana nafasi ya kujaribu kama breki alizofunga mwenyewe zinakamata. Aidha, Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inakataza kuendesha chombo kibovu barabarani.

Fundi huyo si lazima awe wa mjini. Wapo mafundi hodari vijijini waliojifunza kazini, na VETA ina utaratibu wa kupima ujuzi wa mafundi wa aina hiyo na kuwapa vyeti. Mwulize fundi wako kama amepimwa. Dai risiti, na omba kuonyeshwa kipuri cha zamani kilichotolewa. Unaponunua oili au vipuri, epuka makopo yaliyofunguliwa na bei iliyo chini mno kuliko kawaida.

Piga hesabu kamili

Wengi hulinganisha bei ya ufundi peke yake. Hesabu kamili hujumlisha mafuta ya safari, malipo ya ufundi na pato la siku lililopotea. Kwa mfano, tuchukulie mafuta ni shilingi 10,000, ufundi 10,000 na pato la siku 15,000. Servisi ya mjini itakuwa imegharimu shilingi 35,000 kabla ya oili na vipuri. Waranti ikishakwisha, kiasi hicho ni kikubwa kwa kazi ya kumwaga oili, lakini ni kidogo kwa kurekebisha breki au injini.

Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinavyonunua pikipiki kwa mkopo wa asilimia 10 wa Halmashauri vinashauriwa kutenga fedha za servisi tangu kwenye andiko la mradi, na kuwa na daftari la kila pikipiki linaloonyesha tarehe, kilomita, kazi iliyofanyika na gharama. Mkopo huo hauna riba, lakini hurejeshwa hata pikipiki ikiwa imelala uani. Kwa ushauri, onana na Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yako.

Oili chafu

Anayemwaga oili nyumbani asiimwage chini, mferejini wala karibu na kisima. Iwekwe kwenye dumu lenye mfuniko, mbali na watoto, na ipelekwe gereji inayokusanya oili chafu. Maji ya mto huo huo hunywewa na jirani aliye chini yako.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mwenye pikipiki, kuziba ufa ni dakika kumi za ukaguzi kila asubuhi, na kujua ni wakati gani wa kuweka spana chini na kumwita fundi.