Maji Yaliyomeza Nuru Nyekundu

Usiku wa mvua umeme ukimulika, waona matone yamesimama hewani kama shanga. Matone hayakusimama; ni mwanga uliopita upesi kuliko mwendo wao. Basi wataalamu wa kemia hutumia hila iyo hiyo, kwa maana yako mambo ndani ya maji yapitayo upesi mno, wala jicho haliyaoni.

Mgonjwa wa kansa akipigwa miali hospitalini, miali hukuta maji kwanza, kwani sehemu kubwa ya mwili ni maji. Maji hupasuka, na vipande vyake huumiza chembe zenye ugonjwa na zilizo nzima pia. Vipande hivyo havikai. Utavijuaje?

Mwaka 1962, katika hospitali ya Mount Vernon karibu na London, Edwin Hart wa Marekani na Jack Boag wa Uingereza waliyapiga maji kwa pigo fupi la elektroni, yaani vijichembe vya umeme, na mara wakapitisha nuru na kuipiga picha. Nuru nyekundu ilimezwa. Zilizoimeza ni elektroni zilizong'olewa, zimezungukwa na maji. Kabla ya hapo zilidhaniwa tu. Sasa alama yake ilionekana.

Wataalamu wakataka pigo fupi zaidi. Tabu yake ni kwamba elektroni husukumana zenyewe kwa zenyewe, ukizikusanya, hutawanyika. Ndipo huko Brookhaven, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1990, na baadaye Orsay, Ufaransa, wakajenga mtambo wa namna hii: mwanga wa leza hupiga bamba dogo, elektroni huruka kwa kundi moja, na papo hapo mawimbi yenye nguvu, jamaa ya yale ya redio, huzisukuma hata zikaribie mwendo wa nuru, kabla hazijatawanyika. Gawa sekunde mafungu milioni, na kila fungu milioni tena: pigo lao ni vijifungu vichache tu.

Na saa yao? Ni nuru yenyewe. Katika kijifungu kimoja nuru hwenda milimita 0.3. Wakisogeza kioo kidogo, njia hurefuka, na nuru huchelewa kwa kadiri wanayoijua.

Kujua huko peke yake hakuponyi mtu. Lakini atakaye kuuharibu ugonjwa na kuulinda mwili, sharti ajue kwanza maji yalifanya nini, tangu pale yalipopigwa.