Wakaliwood

Wakaliwood ni jina la utani la Ramon Film Productions, kampuni ndogo ya filamu za mapigano iliyopo Wakaliga, mtaa wa watu wa kipato cha chini jijini Kampala, Uganda. Ilianzishwa mwaka 2005 na Isaac Nabwana, aliyewahi kuishi kwa kufyatua matofali.

Asili

Katika Afrika Mashariki filamu za kung fu kutoka Hong Kong, na baadaye za ninja, zilipata watazamaji wengi kwenye vibanda vya video. Kwa kuwa wengi hawakuelewa lugha iliyozungumzwa, alihitajika msimulizi. Kazi hiyo ilimpa umaarufu Lufufu nchini Tanzania na DJ Afro nchini Kenya. Uganda msimulizi huitwa VJ. Nabwana mwenyewe alipokuwa mtoto hakwenda vibandani. Alisimuliwa na kaka yake, kwa hiyo alizijua filamu kwa masikio kabla ya macho.

Utengenezaji

Nabwana huandika, huongoza, hupiga picha na kuhariri, akitumia kompyuta alizoziunda kwa vipuri vya zamani. Bunduki ni vyuma chakavu na mbao. Damu ilikuwa ya mnyama mwanzoni. Baadaye ikawa rangi ya chakula ndani ya kondomu, inayopasuka mwigizaji "anapopigwa risasi". Waigizaji hujitolea, kisha huuza DVD nyumba kwa nyumba wakiwa na mavazi ya filamu. Hawana budi kuharakisha, maana nakala za wizi hufika sokoni baada ya siku chache tu.

Who Killed Captain Alex?

Filamu hii ya mwaka 2010, ambayo gharama yake hutajwa kuwa chini ya dola 200 za Marekani, inahusu kapteni anayeuawa wakati jeshi linapambana na genge la Tiger Mafia. Ndugu yake Bruce U, bingwa wa kung fu, anamtafuta muuaji, lakini swali la kwenye jina la filamu halijibiwi hadi mwisho. Nakala pekee iliyobaki ina sauti ya VJ Emmie, anayewasifu wapiganaji na kuwatania majambazi. Bila utani huo filamu hiyo haipo tena.

Mwaka 2019 filamu yake nyingine, Crazy World, ilionyeshwa katika tamasha la filamu la Toronto, Kanada. Humo Tiger Mafia wanateka watoto, bila kujua kwamba watoto hao ni mabingwa wa kung fu.