Kalsiamu na Vinywa vya Jani

Mvua za Mazwi, katika nyanda za juu za Ufipa, hukoma yapata mwezi wa Aprili au Mei. Ardhi ikaukapo, mharagwe uliochelewa kupandwa hufumba matundu madogo ya majani yake, ambayo wataalamu huyaita stomata, yaani "vinywa" kwa Kiyunani. Kila kinywa kina midomo miwili, nayo ni seli linzi: katika mharagwe zina umbo la figo, na katika mahindi umbo la mfupa ulionenepa ncha zote mbili.

Amri ya kufumba huletwa na homoni iitwayo asidi ya absisiki. Kalsiamu, ambayo ndiyo asili ya chokaa, ni mjumbe wake ndani ya seli. Katika ute wa seli kalsiamu huwa haba mno, ikizidiwa maelfu ya mara na ile iliyo nje. Basi njia ikifunguliwa kidogo tu, ongezeko lake halifichiki. Mwaka 1990 McAinsh, Brownlee na Hetherington walionyesha katika mmea wa Commelina communis kwamba kalsiamu hupanda kabla kinywa hakijafumba. Ndipo chumvi za potasiamu hutoka, maji huzifuata, na seli linzi hulegea. Kumbe kufumba huku ni kulegea, si kukaza kama midomo ya mtu. Hapo tashbihi ya Kiyunani hupotosha.

Hata hivyo, kinywa kilichofumba huizuia pia hewa ya ukaa, na jani lisiloipata halitengenezi chakula. Maji huhifadhika, ila maharagwe hubaki membamba.