Herufi Moja Ndani ya Gilasi ya Maziwa

Asubuhi na mapema katika Biryogo, kitongoji cha Nyamirambo ambako Kiswahili kilizungumzwa miongo mingi kabla ya kuwa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, baa za maziwa huwa zimeshafunguliwa. Bia hazimo. Kuna tangi la chuma cha pua, gilasi kubwa, chapati, mandazi, na swali moja la mhudumu: inshyushyu au ikivuguto? Inshyushyu ni maziwa freshi yaliyochemshwa, yanaletwa mezani yakifuka mvuke. Ikivuguto ni maziwa yaliyochachushwa, mazito na ya baridi, binamu wa mtindi wa Tanzania na maziwa lala ya Kenya.

Meza moja, wateja wawili. Wa kwanza anamaliza nusu lita ya inshyushyu, anafuta mdomo kwa kiganja na kurukia moto, kama pikipiki za abiria zinavyoitwa Kigali. Wa pili anajijua. Akithubutu kunywa kiasi hicho, kabla hajafika stendi ya Nyabugogo tumbo litakuwa limeanza kunguruma, na safari itaishia kwenye kutafuta choo. Yeye huagiza ikivuguto, na siku inakwenda vizuri.

Mtaani tofauti hiyo hupewa maelezo ya kila aina: huyu tumbo lake legelege, yule alilelewa kwenye ng'ombe. Wataalamu wa jenetiki wana maelezo mengine, na yanaanza na jambo ambalo wengi hawalitarajii. Wote wawili wanayo jeni ya kumeng'enya maziwa, nzima kabisa, isiyo na kasoro. Wanachotofautiana ni kama bado inasomwa.

Sukari iliyomo kwenye maziwa huitwa laktosi. Imeundwa na sukari mbili ndogo zilizoshikamana, glukosi na galaktosi, na ukuta wa utumbo hauwezi kuipitisha mpaka zitenganishwe. Mkasi wa kazi hiyo ni kimeng'enya kiitwacho laktasi. Maelekezo ya kukitengeneza yameandikwa katika kromosomu namba 2, kwenye jeni iliyopewa jina la LCT, nayo imo katika kila seli yenye kiini: ya jicho, ya ini, ya ncha ya kidole. Lakini jicho halina haja na laktasi. Jeni hiyo husomwa hasa na seli zinazotanda ndani ya utumbo mwembamba.

Namna ya kusomwa inafanana na mambo ya hati ya kiwanja. Mwenye akili hatembei na hati halisi; anaifungia kabatini na kubeba fotokopi. Seli nayo haitoi DNA, yaani maandishi yake ya urithi, kwenye kiini. Inatoa nakala, iitwayo RNA, na nakala hiyo ndiyo inayotoka kwenda kwa mafundi, yaani ribosomu, wanaoisoma herufi tatu tatu. Kila herufi tatu zinataja kiungo kimoja cha protini. Kwa laktasi mlolongo huo una viungo 1,927, vinavyokunjamana mpaka vinapata umbo lenye uwezo wa kukata laktosi. Na kazi haiishi: seli za ukuta wa utumbo huchakaa na kubadilishwa kila baada ya siku chache, kwa hiyo nakala lazima ziendelee kutoka. Zikikoma leo, baada ya wiki moja mkasi umetoweka.

Kwa mnyama wa kawaida anayenyonyesha, ndivyo inavyokuwa. Mtoto wa paka, ndama na mtoto wa binadamu huzaliwa na laktasi tele, maana bila hiyo maziwa ya mama yasingewafaa. Wakishaacha kunyonya, uzalishaji unashuka. Mwili hauna sababu ya kugharamia kiwanda cha bidhaa isiyohitajika. Watu wazima walio wengi duniani wako hivyo, na si wagonjwa. Wao ndio wanaofuata desturi ya zamani. Mwenye kustaajabisha ni yule aliyerukia moto.

Laktosi isiyokatwa haipotei. Inateremka hadi utumbo mpana, inavuta maji, na bakteria wanaoishi huko wanaipokea kama karamu. Wanaichachusha na kutoa gesi. Hapo ndipo hutokea kunguruma, kujaa, na zile mbio.

Sasa swichi, ile inayoiwasha na kuizima jeni hiyo. Mbele ya jeni ya LCT, ndani ya jeni jirani iitwayo MCM6 ambayo ina shughuli zake nyingine kabisa, kuna kipande cha DNA kinachoamuru LCT isomwe kwa nguvu kiasi gani. Kipo mbali, herufi kama 14,000 kabla ya mahali LCT inapoanza, lakini DNA haikunyooshwa kama kamba ya kuanikia nguo. Imekunjwakunjwa, na sehemu zilizo mbali kwenye maandishi zinaweza kugusana. Protini fulani hutua kwenye kipande hicho na kuchochea utoaji wa nakala. Kadiri mtoto anavyokua, eneo hilo hubandikwa alama ndogo za kikemikali zinazolizima polepole. Kwa baadhi ya watu herufi moja imebadilika pale, na swichi inakataa kuzimika.

Herufi moja, kati ya takribani bilioni tatu.

Mwaka 2002 watafiti wa Finland walitangaza kuwa kwa watu wa Ulaya ni herufi iliyo nafasi ya 13,910 kabla ya jeni: mahali pa C pana T. Wengi wakadhani kitendawili kimeteguliwa. Lakini Waafrika wafugaji wanaokunywa maziwa tangu enzi za mababu walipopimwa, wengi wao hawakuwa na T hiyo. Tatizo halikuwa matumbo yao. Watafiti walitafuta mahali pasipo penyewe.

Jibu lilipatikana Afrika Mashariki. Mtaalamu wa jenetiki Sarah Tishkoff na wenzake, akiwemo Thomas Nyambo wa Muhimbili, Dar es Salaam, walipima watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan. Kipimo chenyewe hakikuhitaji maabara ya fahari. Mtu alifika bila kula, akanywa gramu 50 za laktosi iliyokorogwa kwenye maji, kiasi kinachopatikana katika lita moja ya maziwa ya ng'ombe, kisha akachomwa kidole kila baada ya dakika 20 kwa saa nzima. Glukosi ikipanda kwenye damu, laktosi imekatwa. Isipopanda, haikukatwa, na pengine mhusika alianza kulijua jibu kabla ya kipimo kumwambia.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Kwa watu wa Tanzania na Kenya, mabadiliko yaliyojitokeza zaidi yalikuwa kwenye nafasi ya 14,010, mahali pa G pakiwa na C. Ni herufi 100 tu kutoka ile ya Wazungu. Yakaonekana pia mengine mawili, kwenye 13,907 na 13,915, na hili la mwisho ndilo lililoenea Uarabuni, kwa wafugaji wa ngamia. Kila badiliko lilizuka peke yake, kwa watu tofauti, na yote yakafanya kazi ileile ya kuiacha swichi wazi. Ni kama vijiji vinne visivyojuana vimechimba kisima upande mmoja wa mlima mmoja.

Herufi hizo hazikuja kwa sababu watu walitaka kunywa maziwa. Jeni haisikilizi maombi. Makosa ya kunakili hutokea wakati wote, mengi hayana maana, machache yana madhara, na mara mojamoja linatokea linalomfaa mwenye nalo. Ng'ombe, mbuzi na kondoo walifika maeneo ya Ziwa Turkana kati ya miaka 4,000 na 5,000 iliyopita. Katika ukame, aliyeweza kunywa maziwa mabichi alipata chakula na maji kwa mkupuo mmoja, ilhali mwenzake aliyeharishwa na maziwa hayohayo alipoteza hata maji kidogo aliyokuwa nayo. Tofauti ndogo ya watoto wanaosalimika, ikirudiwa vizazi mia na zaidi, inatosha kuieneza herufi. Kwa hesabu za Tishkoff na wenzake, ile ya 14,010 ilisambaa ndani ya miaka 7,000 iliyopita, na kwa saa ya mageuzi huo ni mwendo wa kasi.

Maziwa yenyewe yalitangulia. Mwaka 2021 kundi la watafiti lililoongozwa na Madeleine Bleasdale lilieleza jinsi lilivyokuta protini za maziwa katika ukoga uliogandamana kwenye meno ya watu wa kale, ya Sudan yakiwa na umri wa karibu miaka 6,000, na mengine yakitoka Lukenya Hill nchini Kenya. Inaelekea watu walianza kunywa kabla herufi haijawaruhusu, labda kidogokidogo, labda yakiwa yamechachuka.

Kurithi ni hesabu rahisi kuliko historia yake. Kila mtu ana nakala mbili za kromosomu namba 2, moja ya baba, moja ya mama, na nakala moja yenye swichi isiyozimika kwa kawaida inatosha. Mama mwenye nakala moja ya namna hiyo na baba asiye nayo wana uwezekano wa nusu kwa nusu kila wanapopata mtoto. Ndiyo maana ndugu wa tumbo moja wanaweza kuketi baa moja na kuagiza vinywaji viwili.

Hapa Rwanda inabidi mtu aseme jambo bila kuzungukazunguka. Wakoloni wa Kibelgiji walipima urefu na pua za watu, na katika miaka ya 1930 wakaandika kabila kwenye vitambulisho. Yaliyofuata, hadi mauaji ya kimbari, kila Mnyarwanda anayajua. Hata maziwa hayakusalimika. Utafiti wa J. A. Cox na F. G. Elliott, uliochapishwa mwaka 1974 kuhusu watu wazima wa eneo la Ziwa Kivu, ulipanga matokeo kwa makabila, kana kwamba utumbo una uraia wake. Kilichopimwa kilikuwa mlo wa mababu. Ile C ya 14,010 imekutwa kwa wasemaji wa lugha za Kiniloti, za Kikushi na za Kibantu. Inafuata mifugo na ndoa. Na Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, wawindaji wasiofuga, karibu nusu ya waliopimwa na kina Tishkoff walikata laktosi vizuri, tena bila herufi hiyo kutosha kueleza sababu.

Urefu, ule uliopimwa kwa rula za kikoloni, ni mkanganyiko mkubwa zaidi. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2022, ukihusisha watu milioni 5.4, ulibaini nafasi zaidi ya 12,000 kwenye DNA zinazohusiana na urefu, kila moja ikichangia chembe. Ongeza lishe ya utotoni na magonjwa. Maziwa ni kisa cha nadra ambapo herufi moja inatoa jibu linaloonekana kwa macho. Sifa nyingi za viumbe, tangu urefu wa pembe za ng'ombe wa inyambo hadi mavuno ya maharage, hutokana na jeni nyingi zinazovutana pamoja na mazingira. Anayeahidi kukutajia "jeni ya akili" anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Tena hata kwenye maziwa herufi haitawali peke yake. Tangu mwaka 2006 mpango wa Girinka umekuwa ukigawa ng'ombe kwa familia maskini, na ndama jike wa kwanza huenda kwa jirani. Maziwa yakaingia katika nyumba ambazo hayakuwa ya kila siku. Je, wale ambao swichi zao zimezimika wanadhurika? Kwa kawaida la. Kikombe kimoja cha robo lita kina laktosi gramu 12 hivi, na watu wengi wasio na laktasi huivumilia, hasa wakinywa pamoja na chakula. Mandazi pembeni ya gilasi yana kazi yake: yanachelewesha maziwa tumboni, na laktosi inashuka kwa awamu. Anayekunywa kila siku, bakteria wa utumbo wake mpana nao hujirekebisha, na gesi inapungua. Jeni yake haijabadilika hata herufi. Waliobadilika ni wapangaji.

Na kuna wale bakteria wa ikivuguto. Mmoja wao anaitwa Lactococcus lactis, na jeni zake za kutumia laktosi mara nyingi hazikai kwenye kromosomu yake. Ziko kwenye kijiduara cha DNA kilicho pembeni, ambacho bakteria mmoja anaweza kumpa mwenzake, kama mtu anavyompa jirani kaa la moto akawashe jiko. Wanaigeuza sehemu ya laktosi kuwa asidi, asidi inagandisha protini, maziwa yanakuwa mazito na machachu. Laktosi haiishi yote, lakini iliyobaki huenda ikameng'enywa kwa msaada wa vimeng'enya walivyokuja navyo bakteria wenyewe, na uzito wa ikivuguto unapunguza mwendo wake kuelekea utumbo mpana.

Kwa hiyo mteja wa pili wa Biryogo, aliyefunga jeni yake zamani, hunywa akisaidiwa na jeni za wengine. Jioni, anayetengeneza ikivuguto hubakiza kidogo chini ya chombo, anamimina juu yake maziwa mapya yaliyopoa, anafunika, na kuyaacha mpaka asubuhi.